Simu moja kila Jumatatu: Wiki ya kijana mmisionari aliye mbali na wazazi

Saa 10:00 jioni jijini Dar es Salaam ni saa 1:00 asubuhi katika jimbo la Utah, Marekani, wakati wa majira ya joto kule. Ni Jumatatu. Upande mmoja wa simu kuna kijana wa miaka 19, amekaa nje ya nyumba ya kupanga, mashati yake meupe yakikauka kambani. Upande wa pili kuna mama aliyeegemeza simu kwenye sukari mezani, akijiandaa kwenda kazini. Wakimaliza, huenda wasisikilizane tena hadi Jumatatu ijayo.

Hiyo ndiyo hali ya makumi ya maelfu ya familia ambazo watoto wao ni wamisionari wa Kimormoni. Huenda umewahi kuwaona vijana hao Dar es Salaam, Nairobi au Lubumbashi: wawili wawili, shati jeupe na tai, begi mgongoni, kibandiko cheusi cha jina kifuani, wakikatiza mtaa kwa miguu kwenye jua kali.

Jina kamili la kanisa lao ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Lilianzishwa na Joseph Smith mwaka 1830 katika jimbo la New York, na makao yake makuu yako Salt Lake City, Utah. Tangu mwaka 2018 viongozi wake wamekuwa wakisisitiza watu watumie jina hilo kamili badala ya "Wamormoni", ingawa mitaani jina la zamani ndilo linalojulikana.

Mzazi anaweza kuwa Mwislamu, Mkatoliki, Mlutheri au asiwe na dini, na bado wiki ya kijana huyu ikamgusa. Mtoto wake mwenyewe anaweza kuondoka akiwa na umri huohuo kwenda chuo cha mkoa mwingine, kazini Oman, au masomoni ng'ambo. Mzazi anabaki na simu tu. Aitumieje?

Hachagui nchi, wala anayeishi naye

Mwaka 2012 kanisa hilo lilishusha umri wa kuanza kazi hii: wavulana kutoka miaka 19 hadi 18, na wasichana kutoka 21 hadi 19. Mvulana hutumika miezi 24, msichana miezi 18. Hawalipwi mshahara.

Kijana hutuma maombi, lakini hachagui aendako. Hupokea barua ya wito inayomwambia nchi, lugha na tarehe ya kuripoti. Kwa familia nyingi siku ya kufungua barua hiyo ni kama siku ya matokeo ya mtihani wa kidato cha nne: ndugu wanakusanyika sebuleni, kila mmoja akibashiri. Mmoja anapangiwa jimbo la jirani, mwingine Brazil, mwingine Tanzania, nchi ambayo pengine alikuwa hajawahi kuitafuta kwenye ramani.

Baada ya hapo ni mafunzo ya wiki kadhaa. Kituo kikubwa zaidi kiko Provo, Utah, ambako hufundishwa lugha zaidi ya 50. Afrika nayo ina vituo vyake, kikiwamo cha Accra, Ghana. Anayepangiwa Tanzania hujifunza Kiswahili, kisha hupanda ndege akiwa na sentensi chache kichwani na hofu nyingi tumboni.

Akifika, anapewa mwenzake wa kuishi na kufanya naye kazi. Huyo naye hamchagui. Anaweza kuwa Mkenya, Mkongo, Mganda au Mmarekani mwenzake. Kanuni ni kwamba wawili hao wakae mahali ambapo kila mmoja anaweza kumwona na kumsikia mwenzake, na watoke pamoja. Baada ya wiki kadhaa, mara nyingi sita, kiongozi wa misheni anaweza kuwabadilisha: mwenza mpya, mtaa mpya, wakati mwingine mkoa mpya.

Kila mmoja wao huitwa kwa cheo na jina la ukoo. Msichana ni Dada. Mvulana, kwa maandishi ya Kiswahili ya kanisa hilo, ni Mzee. Kwa hiyo kijana ambaye ndevu bado hazijamjaa hujikuta akiitwa Mzee mbele ya wazee wenyewe, jambo linalowachekesha wengi mitaani.

Jumatatu: beseni, soko na kinyozi

Katika misheni nyingi, Jumatatu ndiyo siku ya maandalizi. Siku hiyo kijana hufua, hufanya usafi, hununua chakula cha wiki, hunyoa nywele na huwasiliana na nyumbani. Ikifika saa 12:00 jioni, mapumziko yamekwisha. Anavaa tena tai na kurudi kazini.

Kwa kijana aliyezoea mashine, somo la kwanza la maisha ni beseni. Kola ya shati jeupe lililovaliwa kutwa nzima kwenye vumbi na jasho la Dar es Salaam haitakati kwa kulowekwa tu. Anafundishwa na mwenzake, au na jirani aliyemwonea huruma, namna ya kuisugua kwa sabuni ya kipande na kuanika nguo ndani nje zisipauke.

Sokoni anajifunza kwamba nyanya huuzwa kwa fungu na bei ya kwanza si bei. Anajifunza kupima fedha za mwezi. Akizimaliza kwa soda na chipsi wiki ya kwanza, wiki ya nne ni ugali na mchicha. Mama yake hayupo wa kumwongezea.

Kisha inakuja simu. Zamani haikuwapo. Kwa miaka mingi wamisionari waliandika barua, baadaye barua pepe, mara moja kwa wiki, na kupiga simu kwa kawaida mara mbili tu kwa mwaka: Krismasi na Siku ya Mama. Februari 2019 kanisa lilibadili utaratibu huo na kuruhusu mazungumzo ya simu au video kila wiki katika siku ya maandalizi.

Hata hivyo, anayepiga ni kijana, si mzazi. Yeye ndiye anayejua saa gani amemaliza kufua na lini mtandao unashika. Tena halazimiki kupiga kila wiki. Anaweza kuandika tu. Wazazi nao hushauriwa wasifunge safari ya kumtembelea hadi amalize muda wake. Mzazi aliyezoea kupiga kila anapokumbuka hana budi kujifunza kusubiri.

Jumanne hadi Ijumaa: saa ya Kiswahili inavyomwadhibu mgeni

Ratiba ya kawaida huanza saa 12:30 asubuhi: kuamka, kusali, mazoezi ya viungo, kuoga, kifungua kinywa. Yanafuata masomo, kila mtu peke yake kisha wawili pamoja: maandiko, kitabu cha mwongozo kiitwacho Hubiri Injili Yangu, na lugha. Kutwa nzima inayobaki ni ya kutembelea watu, kufundisha wanaotaka kufundishwa, na kutoa huduma kama kusaidia kubeba maji, kulima au kufundisha Kiingereza bure. Jioni wanarudi, wanapanga kesho, na saa 4:30 usiku taa inazimwa. Ratiba inaweza kusogezwa kulingana na nchi, lakini umbo lake ni hilo.

Kwa mgeni wa Afrika Mashariki, wiki za kwanza zina vituko vyake. Mtu anamwambia, "Njooni saa tatu." Kijana anakumbuka alivyofundishwa, anahesabu kichwani, anachanganya, anafika saa tisa alasiri akiwa na tabasamu. Mwenyeji alimsubiri asubuhi.

Salamu nazo ni darasa. Akimwambia bibi wa miaka 70 "Mambo vipi?", mtaa mzima unageuka. Hapo ndipo anapofundishwa shikamoo, kupokea kitu kwa mkono wa kulia, kupiga hodi na kusubiri karibu kabla ya kuvuka kizingiti.

Halafu kuna chai. Kanisa hilo huwakataza waumini wake pombe, tumbaku, kahawa na chai ya majani. Sasa mgeni amekaribishwa kwenye mkeka, chupa ya chai imeletwa, maandazi bado ya moto. Kukataa bila adabu ni kumvunjia mwenyeji heshima. Anayefahamu huomba maji mapema, au hupokea maandazi kwa mikono miwili na kueleza kwa upole. Chai ya mchaichai mtupu haimo katika katazo hilo, na wapo wenyeji ambao wakishajua huichemsha kabla wageni hawajafika.

Kazi yenyewe si rahisi. Katika miji mingi ya Ulaya mlango hufungwa kabla kijana hajamaliza sentensi. Huku kwetu mlango hufunguliwa, kiti kinatolewa, mazungumzo yanakuwa matamu, na mwenyeji anasema "Karibuni tena" bila nia yoyote ya kubadili dini. Mgeni huchukua muda kuelewa kwamba ukarimu si ahadi. Wiki nzima inaweza kupita bila hata mtu mmoja kutokea kanisani kati ya waliosema watakuja.

Ni jambo la kuzingatia kwa mzazi: kijana wa miaka 19 anakataliwa karibu kila siku, kwa ukali au kwa tabasamu, na kesho yake saa 12:30 asubuhi anaamka tena. Akipiga simu Jumatatu, huo ndio mzigo alionao, hata kama anazungumzia mvua na daladala.

Mwenzake wa saa 24

Ukiwauliza watu waliowahi kuishi bwenini nini kilikuwa kigumu, wengi hawatataja chakula. Watamtaja waliyelala naye chumba kimoja. Mmisionari ana tatizo hilo mara mbili, kwa kuwa hawezi kutoka peke yake kwenda kupunga upepo.

Mmoja anakoroma. Mwingine anachelewa kuamka. Mmoja amekulia nyumba ya watoto wengi ambako chakula ni cha wote. Mwenzake ameweka alama kwenye chupa yake ya juisi. Mmoja anasema kila kinachomkera papo hapo; mwenzake anakaa kimya siku tatu.

Utaratibu wao una dawa ya kale iliyopewa siku maalumu. Mara moja kwa wiki wawili hao hukaa kupanga wiki inayofuata: nani watembelewe, saa ngapi, nauli kiasi gani. Katika kikao hicho huzungumzia pia uhusiano wao. Kila mmoja husema alichokifurahia kwa mwenzake, kinachomsumbua, na anachodhani wote wawili wanaweza kurekebisha. Hakuna mzazi wa kuamua kesi. Wakishindwa kabisa, wapo vijana viongozi walio juu yao, na juu yao yupo kiongozi wa misheni na mkewe. Kila wiki kijana humwandikia kiongozi huyo barua kueleza hali yake.

Familia nyingi hukaa mezani kujadili ada na kodi. Chache hukaa kuulizana, "Wiki hii nimekukwaza wapi?" Vijana hawa hulazimika kuuliza swali hilo kila wiki, tena kwa mtu ambaye miezi miwili iliyopita hawakumjua.

Wikiendi: nusu mapumziko, nusu mtihani

Jumamosi ni siku ya kuwapata watu nyumbani, na mara nyingi ndiyo siku ya ubatizo, kama yupo aliyekubali. Jumapili kuna ibada ya saa mbili. Jumapili ya kwanza ya mwezi kwa kawaida waumini hufunga milo miwili na kutoa thamani ya chakula hicho kusaidia wenye shida.

Ndiyo siku ambayo kijana husimama kuhutubia kwa Kiswahili cha kuokoteza mbele ya watu waliozaliwa nacho. Akisema "nimekula ndege kutoka Marekani" badala ya "nimekuja kwa ndege", watoto wa mbele wanacheka hadi basi. Baada ya miezi kadhaa, kijana huyohuyo anatania kwa Kiswahili, anapokea mzaha na kuurudisha.

Jumapili usiku pia ndiyo saa ya upweke. Nyumbani kwao familia inaketi kula pamoja. Yeye anahesabu saa za kufikia Jumatatu.

Mtoto anaposema nataka kurudi

Kuna simu moja ambayo wazazi wa wamisionari huiogopa kuliko nyingine. Mara nyingi huja katika wiki za mwanzo. Kijana anaanza kwa kusema yuko salama, sauti inakatika, kisha inatoka: "Nataka kurudi nyumbani."

Hapo mzazi ana njia mbili za haraka, na zote zina hatari. Ya kwanza ni kumkatia tiketi jioni hiyohiyo. Ya pili ni kumkaripia: umeshaaga kanisa zima, utatuaibisha. Ya kwanza inaweza kumnyima nafasi ya kugundua kwamba angeweza. Ya pili inaweza kumfungia mdomo mtoto anayeumwa kweli.

Tofauti kati ya ugeni na ugonjwa haionekani kwa simu moja. Ndiyo maana maswali yanafaa kuliko majibu. Unalala? Unakula? Kipi kibaya zaidi, asubuhi au usiku? Umemwambia nani huko? Kijana aliyekumbwa na upweke wa kawaida mara nyingi hupata nafuu kadiri lugha inavyomkaa na marafiki wanavyoongezeka. Asiyelala kwa wiki, asiyekula, anayesema maisha hayana maana, huyo anahitaji kiongozi wake ajue leo na mtaalamu wa afya ya akili ahusishwe. Hilo si jambo la kusubiri Jumatatu nyingine.

Wapo wanaorudi kabla ya muda, kwa ugonjwa, kwa msongo wa mawazo, au kwa uamuzi wao. Katika jamii ambako kumaliza miaka miwili ni fahari ya ukoo, kurudi mapema kumewaumiza wengi: minong'ono kanisani, marafiki wasiojua waseme nini. Viongozi wa kanisa hilo wamelizungumzia hadharani na kuwataka waumini wawapokee vijana hao bila kuwahukumu. Zipo pia huduma ambazo kijana anaweza kuzifanya akiishi kwao.

Mzazi wa Kiafrika analijua jambo hili kwa jina jingine. Ni binti aliyerudi kutoka Uarabuni bila fedha, au kijana aliyeacha chuo mwaka wa pili. Mlangoni ndipo anapojua kama alipendwa yeye au ilipendwa safari yake.

Fedha zinatoka wapi?

Tangu Julai 2020, familia za Marekani na nchi nyingine zenye uwezo huchangia dola 500 kwa mwezi kwa kila mmisionari. Kabla ya hapo ilikuwa dola 400. Kiwango ni kilekile awe ametumwa Tokyo au Tabora, ili familia ya aliyepangiwa mji ghali isiumie zaidi. Vijana wengi huanza kuweka akiba wangali shuleni, kwa kazi za likizo. Wa nchi zenye kipato kidogo huchangia wanachoweza, na mfuko wa kanisa hujazia.

Nao ni wengi siku hizi, ingawa historia haikuanza hivyo. Hadi Juni 1978 kanisa hilo lilikuwa haliwapi ukuhani wanaume Weusi. Zuio hilo lilipoondolewa, wamisionari walifika Nigeria na Ghana kabla mwaka huo haujaisha. Misheni ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1991 na ya Dar es Salaam mwaka 2020. Mahekalu yamefunguliwa Kinshasa mwaka 2019 na Nairobi Mei 2025. Leo mama anayesubiri simu Jumatatu anaweza kuwa Kinshasa au Kisumu, mwanawe akiwa nchi nyingine kabisa akijifunza lugha ya watu wengine.

Mzazi aliye mbali afanye nini?

Wiki ya kijana huyu inampa mzazi yeyote mambo kadhaa ya kushika.

Mfundishe kufua, kupika na kuishi na bajeti kabla hajaondoka. Mwezi wa mwisho ni kuchelewa. Anza akiwa na miaka 12, wa kiume na wa kike sawasawa.

Kubalianeni siku ya simu, kisha uiheshimu. Kupiga mara tano kwa siku hakumlindi mtoto. Humfanya asimalize kuwasili alikokwenda. Lakini ajue kuwa kwa dharura simu yako iko wazi saa yoyote.

Usimpe habari zote za nyumbani. Ugomvi wa shangazi na deni la duka vinaweza kusubiri. Msiba na ugonjwa mkubwa usimfiche, maana akisikia kwa wengine hatakuamini tena.

Usikimbilie kutatua. Akilalamika kuhusu mwenzake wa chumba, muulize, "Umemwambia?" kabla ya kutafuta namba ya msimamizi.

Zaidi ya yote, sikiliza kile asichokisema. Kijana anayecheka sana kwenye simu si lazima awe na furaha, na anayelia si lazima awe ameshindwa.

Saa 12:00 jioni inapokaribia Dar es Salaam, simu inakatwa. Utah mama ananawa uso, anachukua funguo za gari. Kijana anaanua mashati kambani, anakagua kola kama imetakata, anafunga tai. Mwenzake anamsubiri mlangoni. Kuna bibi wa mtaa wa pili aliyewaambia wapite saa moja, na safari hii wamehakikisha ni saa moja ya jioni.